Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Tarehe 3 Juni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mama pia, na kwamba dereva wa lori la saruji hakuikalia njiani kama ile ya mwezi wa pili, iliyofika na doa la grisi katikati ya salamu. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile cha ghorofa ya tatu, ukuta mwembamba, na jirani yangu anayeshona sare za shule bado anaanza cherehani kabla sijafumbua macho. Kazini nimepewa meza ya dirishani. Inaonekana ni heshima mpaka jua la saa nane likukute umekaa hapo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Mama anataka simu iwekwe sauti ya juu, na jambo hili si la kumfikia. Idara yetu imeagizwa kuainisha udongo wa miteremko kumi na mmoja, na mmojawapo ni huo wetu, kuanzia nyuma ya nyumba hadi kileleni. Halmashauri inataka kugawa viwanja hapo, lakini haiwezi kugawa mpaka sisi wa maabara tuseme udongo huo ni wa aina gani na unaweza kubeba nini. Mkuu wetu, yule tunayemwita Muhuri kwa kuwa hatujawahi kumwona akifanya kazi nyingine, amenipa muda usiotosha hata nusu ya miteremko hiyo. Siku sina. Sitaweza kuja.

Ninachokuomba ni hiki. Pale kwenye kile kiuwanja cha juu, hatua kama arobaini kutoka dirisha la mama, chimba shimo la kina cha mita moja na nusu, upana wa mtu kugeuka. Ukuta mmoja wa shimo usafishe kwa kisu mpaka uone matabaka. Kila rangi inapobadilika, toa bonge moja la ukubwa wa ngumi, usilivunje, lifunge kwa kitambaa, na uchore mshale kuonyesha upande uliokuwa juu. Ongeza kilo mbili za udongo uliovunjikavunjika kutoka tabaka hilohilo, uandike na kina chake. Basi.

Fomu inadai sahihi ya mtaalamu aliyesimama ndani ya shimo. Hiyo niachie mimi. Wewe ni fundi mwashi, umechimba misingi tangu sijaota meno ya pili, na mkono wako nauamini kuliko wa mtu yeyote hapa ofisini. Usimwambie mtu.

Msalimie mama. Mwambie sijambo, nakula vizuri.

Mdogo wako


Tarehe 29 Juni

Kitindamimba wetu,

Marahaba. Barua ilifika ikiwa safi, bila grisi wala nini, dereva anasema safari hii aliiweka chini ya kofia. Mimi nipo. Mama hajambo kwa mdomo, ila miguu imegoma kabisa. Sasa kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari ya kuaga watu. Mke wa jirani anakuja kumwogesha, mimi nambeba. Kuna mambo mtoto wa kiume hawezi kumfanyia mama yake, na mama hawezi kuyaomba, kwa hiyo tunangojeana hapo, kila mtu anatazama ukuta wake.

Salamu nimezifikisha. Aliposikia kwamba unakula vizuri aliuliza unapikiwa na nani. Hilo mimi silijui.

Tulikubaliana siku tuliyotoka kumzika baba: mwaka wangu, mwaka wako. Nikaanza mimi kwa sababu ulikuwa unamalizia masomo. Huu ni mwaka wa sita. Mimi si mtu wa kuhesabu, lakini sita si hesabu ya kumshinda mtu. Nyumba hii ninaondoka saa moja asubuhi na lazima niwe nimerudi saa sita, kisha saa kumi, kama mfungwa wa kuripoti kituoni. Kazi za mbali nazikataa zote. Nasema tu, ujue.

Shimo limechimbwa. Mifuko mitano iko kwa dereva, mabonge nimeyafunga kwa shuka kuukuu la mama, mishale nimechora. Ardhi mwaka huu imekauka vibaya. Usishangae mwandiko, nimejigonga mkono kidogo kazini. Kuhusu shimo sina la zaidi.

Kaka yako


Tarehe 20 Julai

Kaka mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya mama. Huku tunaendelea. Jirani wa cherehani amepata oda ya shule nyingine, kwa hiyo sasa anaimba pia.

Mifuko imefika salama. Fundi wa maabara amechekecha, amelowesha, amepima. Kaka, umetuletea udongo wa kupendeza: tifutifu, mchanga wa kutosha, maji yanapita bila kubishana. Niliulowesha kiganjani nikajaribu kuubinya uwe utepe, ukakatika kabla haujafika nusu ya kidole. Ungekuwa wa mfinyanzi mwingi, utepe ungetoka mrefu kama ulimi. Kusema kweli nilishangaa kidogo. Nilikuwa nakumbuka tulivyokuwa tukirudi kutoka huko juu siku za mvua, viatu vimeota nyayo za pili mpaka baba anatukatalia mlangoni. Lakini kumbukumbu za utotoni hazina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Nimeuweka daraja la pili: unafaa kwa makazi, misingi ya kawaida, mifereji michache. Muhuri amegonga. Kwenye mstari wa sahihi nimeandika jina langu na tarehe ya siku niliyopaswa kuwa huko.

Lile jambo la zamu tutaongea. Kwa sasa chumba hiki hakina nafasi hata ya kugeuza godoro, na ngazi za ghorofa tatu mama atazipandaje. Mkono umepona? Ulijigonga na nini?

Mdogo wako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkono haujambo. Mama anakula, analala, analalamika, kila kitu kiko sawa.

Viwanja vimegawiwa. Nyumba nne zinapanda kwa mpigo na fundi wa zote ni mimi. Sijawahi kuwa na kazi nyingi hivi karibu na mlango wangu; nikiwa juu ya jukwaa naona dirisha la mama, na yeye akinihitaji anagonga bati kwa fimbo. Kiwanja cha mwalimu mstaafu, yule aliyekuchapa kwa kuchora ramani ukutani, kiko palepale kwenye kiuwanja. Siku ya kunikabidhi kazi alisema, "Fundi, dada yako ameandika panafaa, na wewe ndiye unayejenga. Nina haja gani ya kumuuliza mtu mwingine?" Nikamjibu hana haja.

Jingine ni dogo. Ardhi ya huko juu imeanza kupasuka, na si nyufa za kuchezea watoto. Juzi nilitumbukiza futi ya kupimia kwenye ufa mmoja ikashuka sentimita tisini kabla haijagusa kitu. Chumbani kwa mama, kona ya upande wa mlima, ukuta umefunguka kiasi cha kupitisha kiganja. Ameuziba kwa kitambaa, anasema upepo wa huko unamsengenya. Ukuta ule niliujenga mwenyewe na saruji sikuibania.

Nauliza tu, bila haraka. Ule udongo ulioandika, huwa unapasuka?

Kaka yako


Tarehe 19 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi, utanisamehe, na mama atanisamehe.

Udongo nilioandika haupasuki. Hauna nguvu hiyo.

Baada ya kusoma barua yako nilishuka stoo. Tukichekecha udongo, kokoto zinazobaki hatuzitupi, tunazihifadhi kwenye kopo lenye namba. Mwezi wa saba sikulifungua kopo lenu. Nilisoma uzito wake kwenye karatasi nikasaini. Leo nimelimwaga mezani. Kokoto zote ni za mviringo, laini kama peremende iliyokwisha kulambwa. Kaka, mawe ya mlimani yana kona, kwa sababu hayajakwenda popote. Jiwe la mviringo limebingirishwa na maji miaka mingi, na mlima wetu haujawahi kupitiwa na mto mgongoni.

Ulichimba wapi?

Siulizi kwa ugomvi. Ngoja nikueleze ninachokiogopa. Kuna udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi unanywea na kupasuka. Mvua zikija, maji yanazama kwenye nyufa mpaka chini kabisa, udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na tabaka la juu linabaki limekalia tabaka la chini linaloteleza kama sabuni. Tambarare, udongo huo unapinda kuta na kubana milango. Kwenye mteremko mkali, unatembea. Ukiukata unakuta nyuso zinazong'aa kana kwamba mtu amezipaka mafuta. Hapo ndipo bonge limesuguana na bonge mwenzake. Huo hauwekwi daraja la pili. Una daraja lake, la mwisho.

Fanya hivi. Chukua bonge kavu kutoka kiuwanjani, si kwingine. Liweke kwenye kikombe lifike karibu na ukingo, jaza maji, uache siku mbili. Kisha niambie ulichokiona, na uniambie kweli.

Mdogo wako


Tarehe 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Nimekaa na barua yako wiki tano. Dereva amepita mara tatu na mara zote nimemwambia sina kitu.

Nilianza kuchimba pale uliposema. Siku ya kwanza nilifika kina cha magoti. Ardhi ilikuwa imekauka ikawa chuma. Nikipiga sururu inaruka kunirudia usoni. Siku ya pili mpini ulivunjika. Siku ya tatu nikaleta mtarimbo, ukateleza, nikasikia kifundo cha mkono kinalia kama kijiti. Nikakaa pale juu nikilitazama shimo lisilotosha hata kumzika paka. Mimi, fundi mwashi kwa miaka ishirini na miwili sasa. Ningekuandikia nini? Kwamba mlima umenishinda? Na wewe ulishasema mkono wangu unauamini. Basi nikashuka bondeni kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali, ambalo liko wazi miaka yote, nikasafisha ukuta kwa kisu kama ulivyoagiza, nikatoa mabonge, nikachora mishale. Mishale ni ya kweli. Shimo ndilo si lenyewe.

Niliona udongo ni udongo. Ni mwendo wa dakika kumi tu kushuka.

Kikombe nilikiweka dirishani kwa mama. Asubuhi ya pili bonge lilikuwa limepanda juu ya ukingo na kikombe kimepata ufa. Mama akauliza ni unga gani huo unaoumuka bila hamira. Nilikwenda kukimwaga nyuma ya nyumba.

Sasa na mimi nikuombe. Usimwandikie Muhuri. Nyumba mbili zina mabati tayari. Mwalimu amekwisha hamia na mkewe, na ananiita mwanangu. Wakijua, nitapita njia ipi? Njia ya huku ni moja na inapita mlangoni kwa kila mtu. Na mama siwezi kumwacha, kwa hiyo siwezi hata kukimbia kama wanavyokimbia wenzangu wenye makosa. Wala wewe usijifanye malaika. Uliandika kwamba ulisimama ndani ya shimo. Mimi nilidanganya kuhusu wapi, wewe ukadanganya kuhusu nani.

Mawingu yameanza kukaa upande wa kilele.

Kaka yako


Tarehe 8 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Umesema kweli, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Mkono wako pia umeniuma. Ungeandika tu kwamba ardhi haichimbiki, hilo peke yake lingeniambia udongo wenyewe ni upi. Udongo unaoshinda sururu kiangazi ndio ule niliokueleza. Mlima ulikuwa umekujibu, ukadhani umekuaibisha.

Nilikwenda kwa Muhuri. Sikumwambia yote. Nilimuuliza tu, mtu akigundua ripoti iliyokwisha gongwa ina kosa, anafanyaje. Akavua miwani. "Udongo wenyewe umebadilika?" Nikasema hapana. "Basi na ripoti isibadilike. Ukifungua hiyo moja watataka tufungue zote kumi na moja, na mimi nastaafu mwezi wa sita." Akavaa miwani, maongezi yakaisha.

Barua ya kufuta ripoti nimeiandika mara nne. Iko kwenye droo na ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikiitoa, kazi yangu imekwisha, na wewe umekwisha hapo nyumbani. Nisipoitoa, kila wingu ninaloliona kutoka hapa nilipokaa naliona juu ya mama. Mchana nakwenda chooni kulia, narudi, nasaini udongo wa watu wengine. Sioni pa kutokea.

Na kuna jingine ambalo sijalisema. Nilikuambia sina siku. Nilikuwa na siku nne za likizo, kaka. Nilizikaa humu chumbani nikisikiliza cherehani. Sikuja kwa sababu ningekuja, ungenikabidhi mama, na ungekuwa na haki. Niliogopa kwamba nikishatua begi kwenye nyumba ile sitalibeba tena. Nampenda mama. Lakini nikiwa naye, hewa inaniishia. Sijui kama mtu wa namna hiyo ana jina.

Sema unavyotaka kuhusu hilo. Kuhusu ripoti, nipe wiki moja.

Mdogo wako


Tarehe 17 Novemba

Mdogo wangu,

Imenyesha siku mbili. Naandika haraka, dereva ananingoja na injini inawaka.

Jana asubuhi mlango wa mama ulikataa kufunguka. Ukuta umevimbiwa na ardhi na fremu imebanwa kama meno. Dirisha lina nondo, nilizitia mwenyewe. Mama ndani, mimi nje, tangu chai mpaka saa tisa alasiri. Nilikata mlango kwa msumeno, kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni alikuwa ananielekeza kutoka kitandani, kwamba nilipima vibaya tangu siku ya kwanza, kwamba baba yenu asingejenga hivi. Kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho. Nilipoingia nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu iko kwenye tope. Akasema, "Nilidhani na wewe umekwenda."

Msingi wa mwalimu umesogea upana wa kiganja. Hakuna aliyeumia, mpaka sasa. Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Nitasimama niseme kwa mdomo wangu nilichimba wapi, liwalo na liwe. Lakini neno la fundi halihamishi watu waliokwisha ezeka. Watataka karatasi, na karatasi ni yako. Huna wiki moja. Njoo nayo.

Yale ya likizo nimeyasoma. Hasira zangu zote ziko kwenye ule mlango.

Kaka yako


Tarehe 12 Januari

Mdogo wangu,

Salamu kutoka chumbani kwako. Ufunguo uliingia bila shida. Jirani wa cherehani aliniuliza kama mimi ndiye mume, nikamwambia mimi ndiye kaka, akasema basi naweza kumsaidia kubeba vitambaa.

Tulipoagana kulikuwa na watu wengi sikupata nafasi ya kusema. Siku ile ulipoingia mkutanoni na viatu vyako vya ofisini, nilikuwa nimekwisha sema yangu na watu walikuwa kimya, ule ukimya wa mtu anayetafuta jiwe kwa macho. Ukatoa karatasi ukasema yako. Wote wakakugeukia wewe. Nilipumua, na nikaona aibu kwamba nimepumua. Halafu ukaomba jembe. Sikutegemea kwamba mwalimu, ambaye nyumba yake tulikuwa tumemuulia, ndiye atakayekushikia mwavuli ukichimba. Leo familia zote nne ziko kwenye mabanda ya soko na hakuna hata mmoja aliyezikwa, na ni kwa sababu yako. Kosa ambalo Muhuri amekusimamishia kazi ni letu wote wawili, lakini wameliandika kwa jina moja.

Daktari ameutazama mkono. Mfupa uliunga vibaya, anataka kuuvunja tena na kuunyoosha, ila foleni ni ndefu. Zile wiki mbili nilizokuomba ukae na mama hazitatosha. Wakati nangoja nimepata kazi ya kusimamia mafundi kwenye nyumba moja hapa mjini, kazi ya kunyoosha kidole, kiwanja ni tambarare kama meza. Nitarudi mwisho wa mwezi, kabla ya mvua kubwa, tumteremshe mama pamoja.

Jana nilifanya kitu ambacho sijakifanya tangu baba afariki. Nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Hakuna aliyeniita.

Msalimie mama. Mwambie sijambo, nakula vizuri.

Kaka yako


Tarehe 26 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Mbili za kwanza dereva anasema alizitia mkononi mwako, na kwamba umenawiri. Nimefurahi kusikia. Mkono umeshanyooshwa? Hakuweza kuniambia, anasema ulikuwa umeuweka mfukoni.

Mama hajambo. Namwogesha mwenyewe sasa, na hilo limempendeza, ingawa anasema maji yangu ni ya moto au ni ya baridi. Mchana anauliza ni saa ngapi. Nikimjibu, anatazama njia. Mimi naondoka kwenda kisimani na lazima niwe nimerudi kabla hajaanza kugonga bati, kwa hiyo nimejifunza kukimbia na ndoo.

Halmashauri imekubali kupokea ripoti mpya kutoka kwangu, ingawa nimesimamishwa, kwa sababu hakuna mtaalamu mwingine aliyeingia kwenye shimo la kiuwanjani. Nimeimaliza jana. Sentimita ishirini za juu ni kahawia, ngumu zikikauka. Zikilowa zinanata kwenye kisu mpaka uzitoe kwa kidole. Chini yake ni mfinyanzi mwekundu mpaka nilipoishia, utepe unatoka urefu wa kiganja bila kukatika, na nyuso zinazong'aa zimeinama zote kuelekea huku kwenye nyumba. Mizizi imebanwa kati ya mabonge mpaka imekuwa bapa. Kokoto chache, zenye kona. Nimeandika daraja la mwisho, haufai kwa makazi ya watu, nikasaini. Safari hii nilikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, na nilikaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo fimbo ya mama haisikiki.

Watu wa mabandani wamekuja mara mbili na kiti cha kumbebea. Walikuwa wanne, wenye nguvu, na mwalimu akiwaongoza. Mama alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili akawaambia atashuka siku mwanawe atakapokuja kumwambia. Nikamwambia mimi pia ni mwanawe. Akasema, "Wewe umekuja juzi." Hakusema kwa ubaya. Niliwaomba wamfungue vidole, wakainama wakasema hawawezi kumfanyia mtu mzima hivyo. Na mimi sikuweza. Mvua kubwa haziko mbali, labda wiki tatu, na ule ufa wa kona sasa unaingiza mwanga.

Sikulaumu. Chumba hicho nakijua. Najua mwisho wa mwezi unavyosogezwa kidogo, halafu kidogo tena, wala hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuishika akasema hapa ndipo nilipokataa kurudi. Nilikaa humo miaka sita kwa namna hiyo. Ila mimi nilikuwa nimekuacha wewe huku, mtu anayeweza kukata mlango. Wewe umeniacha mimi. Naogopa, kaka. Sihitaji mkono wako, hata ukija nao umefungwa. Nahitaji aione sura yako na asikie ukimwambia twende.

Fomu mpya ina mstari ambao ile ya kwanza haikuwa nao. Unauliza idadi ya watu ambao bado wanaishi kwenye eneo lisilofaa. Nilikaa na kalamu muda mrefu nikimsikiliza mama anavyopumua, kisha nikajaza: wawili.

Dereva anaondoka nayo leo, pamoja na barua hii.

Mdogo wako